Barua ya Wazi kwa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, Kuhusu Mijusi

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuomba jambo dogo la kiofisi juu ya Guantánamo, ardhi ya Cuba mliyoipanga tangu 1903, ambayo kodi yake, dola 4,085, mnaipeleka kwa hundi kila mwaka, ijapokuwa mwenye nyumba, tangu zama za Fidel Castro, hataki fedha zenu, anataka mhame.

Mawakili wa serikali yenu, walipoulizwa kwa nini watuhumiwa wa ugaidi walioanza kufungwa huko tarehe 11 Januari 2002 wasifikishwe mbele ya hakimu, walijibu kwamba enzi ya ardhi ile bado ni ya Cuba, na kwa hiyo mkono wa mahakama za Marekani hauwafikii. Hoja hiyo niliisadiki, wallahi, mpaka nilipopata habari za iguana, yule mjusi mkubwa aliye kama binamu wa kenge wetu, ambaye akishapenya seng'enge ya kambi huwa katika himaya ya sheria za Marekani, na askari atakayemdhuru hutozwa faini. Sisi tulizoea kusema kuwa katika msafara wa mamba na kenge wamo. Hatukujua kuwa kenge ndiye mwenye sheria.

Mwaka 2004, Mahakama ya Juu ilipowafungulia wafungwa mlango wa mahakama zenu, ninyi mliunda mabaraza ya maofisa watatu watatu, ambamo mfungwa hana wakili, ushahidi wa siri hauoni, na neno la serikali hudhaniwa kuwa sahihi kabla hajafumbua kinywa. Humo Mustafa Ait Idir, Mwaljeria aliyetwaliwa Bosnia, aliambiwa kwamba alisuhubiana na mtu wa al-Qaeda. Akauliza, mtu huyo jina lake nani? Mkuu wa baraza akajibu kuwa halijui. Basi, akasema, nitamkanaje nisiyemjua? Baadaye, alipozidhihaki tuhuma hizo, ukumbi mzima ukacheka, na karani, Mungu amjazi kwa uaminifu wake, akakiandika kicheko hicho katika kumbukumbu. Kisha baraza likamhesabu kuwa adui.

Tarehe 12 Juni 2008, katika kesi ya mwenziwe Lakhdar Boumediene, Mahakama ya Juu iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba Katiba yenu hufika hata huko. Mwezi wa Novemba Jaji Richard Leon akaupima ule ushahidi, akaamuru 5 kati ya Waaljeria 6 waliotwaliwa Bosnia waachiliwe, Ait Idir akiwa mmojawapo. Walikuwa wamekaa karibu miaka saba.

Sasa ombi langu. Januari 2025, Wayemeni 11 walipopelekwa Oman, walisalia watu 15, na 6 miongoni mwao hawajapata kusomewa shtaka lolote. Naomba nipelekewe fomu 6 za kuwaandikisha kuwa iguana. Na ikiwa humo mna nafasi ya kujaza urefu wa mkia, tafadhali niarifiwe mapema.

Wenu mtiifu,
Mswahili wa Pwani