Pumba Zilizomponza Mzee

Mama alirudi kutoka zahanati na mambo mawili: presha ya baba imepanda, na sembe hailiwi tena ndani ya nyumba hii. La kwanza baba alilipokea kwa utulivu.

Muuguzi alikuwa amemweleza mama vizuri. Mahindi yakikobolewa, ganda na kiini vinaondoka, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini na madini. Kwa hiyo ni dona. Chumvi nayo isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu mzima, tena ya kutwa nzima, pamoja na iliyomo kwenye mkate. Kopo la chumvi likahamia kabati la vyombo vya wageni, ufunguo ukafungwa kwenye pindo la khanga.

Baba hakupiga kelele. Alianza kutembea na chumvi mfukoni mwa shati, imefungwa kwenye kipande cha gazeti kama ugoro. Mama akigeuka kuchukua maji, vidole viwili vinapita juu ya mchicha. Aliposhikwa akaja na hoja, na hoja yenyewe haikuwa mbovu.

“Mama Asha, miaka ya tisini hawa hawa walituhimiza tule chumvi yenye madini joto, tusije tukaota rovu. Nikatii. Leo nimeshaizoea, wananinyang’anya?”

“Walisema yenye madini joto, Baba Asha. Hawakusema ujaze kiganja.”

Kwenye sembe alijipanga zaidi. Mwaka 2011 serikali ilitunga kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano na wa mahindi: madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki, vitamini B12. “Walijua hatutoki kwenye sembe, wakatufuata humo humo!” Mama akamuuliza ile mashine ya mtaani kwetu huwa inatia virutubishi saa ngapi, maana yeye huiona ikitia vumbi tu.

Jumamosi moja debe la mahindi lilipakiwa kwenye baiskeli ya binamu yetu Juma, na agizo la mama: dona. Baba akamsindikiza hadi getini, akaongeza agizo lake na noti ya elfu mbili. Jioni ugali ukaja mweupe pe. Mama akaumega, akauminya, akaunusa. Baba akawahi kusema kwamba mahindi ya msimu huu ni mbegu mpya.

Angepona, maana taa yetu ya mezani ni hafifu na mama hapendi kuvaa miwani. Lakini Juma si mtu wa kutupa kitu. Alirudi na pumba zake, akawamwagia kuku. Alfajiri mama alipofungua banda, alikuta mitetea imezama hadi shingoni. Dona haitoi pumba.

Kesi ilisikilizwa jikoni. Juma alikiri kabla hajaulizwa, na noti ikatolewa kama kielelezo. Hukumu: dona kila siku, sembe Jumapili na akija mgeni. Hicho kipengele cha mgeni alikiingiza baba, na mama, anayeogopa kusemwa kwa uchoyo, akakipitisha.

Tangu hapo wageni hawakauki. Jana kaja mwenzake wa bao, saa saba kamili mchana, eti anapita kusalimia tu. Mama akamkaribisha kwa bashasha, akamnawisha mikono, akamtengea dona na mlenda usio na chumvi. Alikuwa ameshamwona zahanati, kwenye foleni ya presha.