Dereva wa Tatu

Basi la Bariadi kwenda Dar es Salaam lina madereva wawili, maana safari inachukua zaidi ya saa nane. Wa tatu hana leseni: ni programu inayoendesha kipokezi cha setilaiti, nayo pia huitwa dereva. Kwenye mfumo endeshi wa Linux, tangu toleo la 4.19 la mwaka 2018, madereva wa vipokezi vya setilaiti kama za GPS wana kijiwe chao rasmi ndani ya kiini cha mfumo.

Huyu hasinzii. Wala hasimami Maswa kuokota abiria.

Wenzake wamezoea kuwashiana taa: trafiki yuko mbele! Setilaiti za GPS, kilomita 20,200 juu, hazioni taa wala basi. Hutangaza saa na mahali zilipo tu, kipokezi kikapiga hesabu. Mwendo ukizidi kiwango, kifaa kilichoagizwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hulia, na abiria wa nyuma huuliza simu ya nani hiyo.