Marejeo ni Ngamani

Nimefundisha Kiswahili miaka 27, na kila mwaka nimewafafanulia wanafunzi methali ile ya "Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Nilikuwa nafafanua kwa madaha, mkono mmoja kiunoni. Kumbe mwenyewe ngama sijawahi kuiona. Hapa Sepuka, wilayani Ikungi, tezi (nyuma ya chombo) na omo (mbele yake) tutavijulia wapi? Chombo cha maji tunachokifahamu ni pipa.

Basi mwaka alizeti ilipokubali, nikapata wazo: ninunue boti ya mashine, ya matembezi tu, niiweke Ziwa Singidani pale mjini Singida. Sikukuu watu watapanda na watoto wao, tutakwenda kuwatazama heroe, nami nipo kwenye usukani na miwani ya jua. Mke wangu alinisikiliza huku akipepeta mtama.

"Baba watoto," akasema, "nyumba hii ndoo ya maji inatafutwa kwa baiskeli, wewe unatafuta chombo cha kuelea?"

Nikamwambia asichanganye maji ya kunywa na maji ya starehe. Kesho yake nikapanda basi kwenda Mwanza kwa shemeji, naye akanipeleka mwaloni kwa fundi mmoja mzee.

"Mwalimu, maji ya kwenu ni ya chumvi au baridi?" fundi akauliza.

"Ya shida," nikajibu.

Zilikuwepo boti mbili. Ya kwanza ya mbao, rangi ya bluu, bei inayokukaribisha. Ya pili ya faiba, nyeupe, bei karibu maradufu. Moyo wangu ulishahamia kwenye ile ya bluu, kwa sababu ilikuwa na matakia. Fundi akapiga magoti, akanionyesha mkuku, uti wa mgongo wa chombo, kisha mataruma, yaani mbavu zake. "Yahesabu. Yakikaa mbalimbali, mawimbi yatazilegeza mbao." Akakwangua kichwa cha msumari kwa ukucha, chini ya rangi mpya kulikuwa na kutu. "Rangi ni ya juzi, ugonjwa ni wa siku nyingi. Na Singidani kuna chumvi." Mwisho akabonyeza kalafati, ile pamba iliyoshindiliwa katikati ya mbao. "Hii ukiianika juani miezi sita, mbao zitasinyaa. Utakuwa umenunua chujio."

Sepuka tunakosa vingi, lakini jua hatujawahi kuishiwa. Tukahamia kwenye faiba.

Nikaigonga kwa vidole huku nimetega sikio, kama ninavyochagua tikiti maji. Nilidhani fundi atanicheka, kumbe ndivyo inavyopimwa! Ikilia sauti moja kote, tabaka zimeshikana. Ukikuta mahali panaitika kwa sauti butu, tabaka zimeachana na maji yatajipenyeza. Kisha akaenda nyuma, kwenye shetri, akaning'inia kwa uzito wake wote kwenye ubao unaobeba mashine. Ubao ukinesa, umeoza ndani. Haukunesa. Mwisho akafunua kifuniko sakafuni.

"Muuzaji anaweza kupaka rangi kila mahali, Mwalimu, lakini maji yanayovuja yote yanashukia hapa. Hii ndiyo ngama."

Nikainama, nikachungulia. Miaka 27! Nilitamani niwakusanye wanafunzi wangu wote niwaombe radhi. Ngama ilikuwa kavu, ina buibui mmoja tu.

Tukaja kwenye mashine. Ya mipigo miwili ni nyepesi na haisumbui mafundi, ila inataka petroli iliyochanganywa na oili, lita 1 kwa lita 50. Ya mipigo minne inabana mafuta lakini ni nzito na ghali. Wakanipendekezea yenye nguvu ya farasi 15. Nikauliza hiyo ni punda wangapi, maana farasi kwetu hakuna. Hakuna aliyejibu. Nilipotajiwa bei, nikagundua nimelinganisha boti na boti, mashine na mashine, nikasahau kulinganisha na mfuko wangu. Nikanunua boti, mashine nikaiachia alizeti ya mwakani.

Fuso likatuchukua: Shinyanga, Nzega, Igunga. Mlima Sekenke tuliupanda kwa kuhema, omo ikitazama mbinguni. Kila tuliposimama watu waliniuliza ni mvua gani hiyo niliyooteshwa. Nilipofika Sepuka, tayari nilikuwa Mwalimu Nuhu.

Alizeti ya mwakani haikukubali. Boti ikabaki uani, na kuku wakaanza kutaga chini ya kiti cha nahodha. Halafu Desemba mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi nikakuta boti imejaa pomoni, mayai yanaelea. Nikalala kifudifudi nichungulie chini yake: vumbi lilikuwa bado vumbi. Hata tone moja halikuvuja!

"Isiyotoa maji haiingizi maji!" nikapiga kelele. "Mama watoto, umeuona ubora?"

Hakunijibu. Alikuwa ameshapanda na ndoo, na majirani nyuma yake.

Walifulia maji yale siku nyingi, mpaka ndoo ikawa haizami tena. Jioni moja nikamkuta ameinama botini na kikombe, foleni ya ndoo imeanzia omo mpaka barabarani.

"Bado yapo," akawaambia, "yamejikusanya huku chini."

Nikaweka mkono kiunoni nifafanue methali. Akanipa kikombe.