Sifa za Mpangaji Msumbufu

Wenye nyumba wengi wa Masumbwe wanampenda mpangaji ambaye hastahili kupendwa. Wanampenda mkimya: analipa, anasalimia, anafunga mlango, mwaka unapita hujasikia sauti yake. Mimi namsifu mwenzake, yule ambaye jina lake likitokea kwenye simu, mwenye nyumba anailaza simu kifudifudi mezani na kuendelea kula. Namsifu mpangaji msumbufu. Ndiye anayenipa riziki, na katika mji huu sijaona anayetunza nyumba za watu kumzidi.

Katika nyumba mojawapo ninayoisimamia, anayekaa chumba namba nne ni mama wa makamo anayeuza mchele sokoni. Anapiga alfajiri kabla ya kwenda kazini, kwa sababu anajua saa hiyo sina pa kujificha. "Mwanangu, umeamkaje? Lile bati la juu ya jiko limeanza kuinuka. Misumari miwili imetoka. Ukisubiri mvua za Novemba utalikuta kwa jirani." Namjibu, "Shikamoo mama, nimesikia." Anasema, "Marahaba. Kusikia ulisikia na juzi. Fundi anakuja lini?" Hakati simu mpaka apewe siku. Siku hiyo ikipita bila fundi, anapiga tena, na safari hii anaanza na salamu ndefu zaidi.

Kwa asiyeujua mji huu, Masumbwe iko Wilaya ya Mbogwe, kwenye lami itokayo Kahama kwenda Ushirombo, na malori ya Rwanda na Burundi yanapita hapo mchana na usiku. Hadi mwaka 2012 eneo lilikuwa Bukombe, ndani ya Mkoa wa Shinyanga; ulipoundwa Mkoa wa Geita, Mbogwe nayo ikawa wilaya. Mihuri ilibadilika, lakini bati na saruji watu wameendelea kuzifuata Kahama. Ukiingia nyuma ya fremu za barabarani utakuta nyumba ya kupanga kama tunavyoijenga sisi: vyumba vimepangwa mstari, vinatazama uwanja mmoja, choo kimoja, bomba moja, na mita moja ya LUKU. Wajenzi wengi ni watu waliopata fedha migodini. Hawaishi hapa. Wako Dar es Salaam, Mwanza, au kambini kazini, na nyumba zao wamewaachia wadogo zao wazitazame.

Mimi nimetoka huko huko migodini. Nilikuwa mwajiriwa wa kampuni, idara ya usalama kazini, na kila aliyefanya kazi kwenye migodi mikubwa ya ukanda huu, iwe Geita iliyoanza uzalishaji mwaka 2000, iwe Bulyanhulu iliyofuata mwaka 2001, anajua jinsi zamu inavyoanza. Kabla ya mtu kushika chombo, mnasimama pamoja na kuzungumzia hatari za siku hiyo. Ukiona boliti imelegea, unaripoti. Ukiona maji yanatiririka mahali ambapo jana palikuwa pakavu, unaripoti. Hata jiwe lililoanguka bila kumgusa mtu linaandikwa, kwa sababu kesho linaweza kumpata. Kampuni zinalipa wakufunzi, zinachapa mabango, zinatoa zawadi, na bado kuwafanya watu waseme ni kazi ngumu. Mtu mzima anaona aibu kuonekana mlalamishi. Anaona hatari, anaikwepa yeye, anamwachia ajaye nyuma.

Mgodi nao una umri wake, na umri huo umeandikwa kwenye makaratasi tangu siku unapofunguliwa. Buzwagi, pale Kahama, ilianza mwaka 2009 na uzalishaji ukafikia mwisho mwaka 2021. Tuliokuwa tumeajiriwa kwingine tuliona wenzetu wakirudisha helmeti, na kila mmoja akapiga hesabu zake kimoyomoyo. Wengine walichukua mafao wakanunua malori, wengine wakajenga vyumba. Mimi niliona kwamba vyumba vinajengwa kila mahali na hakuna anayevisimamia kama kazi, nikaacha ajira. Makubaliano na wenye nyumba ni rahisi: sehemu ya kumi ya kodi ni yangu, usumbufu wote ni wangu.

Usimamizi wa nyumba Tanzania ulizoeleka kama kazi ya serikali na ya miji mikubwa. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yaliyofikia thamani ya shilingi 100,000 yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 ofisi hiyo ikaunganishwa na Shirika. Huko kulikuwa na maofisa, mafaili, na dirisha la kupokelea malalamiko. Huku kwetu dirisha hilo halijawahi kuwepo. Mpangaji akilalamika anaambiwa vyumba viko vingi mjini.

Turudi kwa wasumbufu. Chumba namba mbili anakaa kijana fundi wa pikipiki, naye usumbufu wake ni wa hesabu. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, mwanzoni shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kuanzia Julai 2023 shilingi 1,500. Kwenye nyumba ya vyumba sita yenye mita moja, anayenunua tokeni ya kwanza ya mwezi ndiye anayekatwa. Wapangaji walikuwa wakitegeana: tarehe moja nyumba nzima gizani, kila mtu na tochi ya simu, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Kijana akanifuata na karatasi. Aliuliza jengo ni la nani. Nikamtajia. Akauliza, sasa kwa nini kodi ya jengo lake inalipwa na mimi ninayekaa ndani yake kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu? Swali lilikuwa na jibu moja tu. Siku hizi kwenye mikataba yangu kiasi hicho kinarudishwa kwa kupunguza kodi ya chumba, na tarehe moja taa zinawaka.

Hakuishia hapo. Alinionyesha kwamba mteja mdogo wa nyumbani, anayetumia yuniti 75 au pungufu kwa mwezi, anauziwa umeme kwa bei nafuu kuliko wengine. Vyumba sita vikikaa kwenye mita moja vinavuka kikomo hicho, na maskini sita wanalipa bei ya mtu mwenye uwezo. Mwenye nyumba alikuwa amefunga mita moja akidhani anabana matumizi. Kijana wa pikipiki, kwa kunung'unika kwake, aliwafanyia wenzake hesabu ambayo mimi niliyezoea ripoti za ofisini sikuwa nimeombwa na mtu yeyote kuifanya.

Yuko pia mpangaji wa fremu, mwenye kampuni ndogo ya usafirishaji. Alipolipa kodi alizuia asilimia 10 na kunikabidhi uthibitisho wa TRA. Mwenye nyumba akanipigia kutoka Dar es Salaam kwa hasira: "Huyo ananiibia mchana kweupe, mtoe." Ilibidi nimweleze taratibu kwamba sheria inamtaka mpangaji anayefanya biashara azuie kodi hiyo, na kwamba fedha ile imekwenda serikalini kwa jina lake yeye mwenye nyumba. Wapangaji waliomtangulia walikuwa wakilipa zote kimya kimya, na deni la kodi lingekuja kumkuta mwenye mali siku asiyoitarajia. Sasa uthibitisho huo anautunza.

Na mkimya je? Alikaa namba tano. Mtu mwema, sina neno baya juu yake. Alipohama nilikuta mchwa wamepanda kutoka sakafuni, wamekula fremu ya mlango, wameingia ukutani na kufika kwenye kenchi. Udongo mwekundu umechora njia hadi darini, na njia hiyo haikuchorwa kwa wiki moja. Nilimpigia simu kumuuliza. Alisema kwa upole, "Niliwaona, kaka, ila sikutaka kukusumbua." Dawa ya mchwa na kipande kimoja cha ubao vingetosha siku ile alipowaona. Mwenye nyumba alilipia paa.

Ila jambo lililonifanya niandike haya linamhusu tena mama wa namba nne. Masumbwe inaishi kwa kufuata rashi. Dhahabu ikionekana mahali wilayani, vyumba vinajaa kwa siku chache, vijana watatu watatu kwenye chumba cha mmoja, na duara, yaani shimo la dhahabu, likikata wanaondoka walivyokuja. Ni wapangaji wazuri wakiwa na fedha, na wengi wao ni watoto wa watu wanaohangaika. Alfajiri moja mama akapiga, na safari hii hakusalimia. Wale vijana wa namba sita walikuwa wanachoma dhahabu uani kwenye jiko la mkaa.

Anayefahamu uchimbaji mdogo anajua maana yake. Mchanga uliosagwa kwenye karasha unachanganywa na zebaki, zebaki inaishika dhahabu, kisha donge linachomwa ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Moshi ule hauna harufu ya kumtisha mtu. Unaingia mapafuni, unapita kwenye damu, unaharibu ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni au anayetambaa huumia kuliko mtu mzima. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, lakini mkataba hauna macho ya kuona uani kwa watu. Jiko lile lilikuwa hatua chache kutoka kwenye bomba, na wanawake wawili walikuwa wanasubiri maji na watoto mgongoni.

Wapangaji wengine waliuona moshi. Walinyamaza, kwa sababu vijana wale walikuwa wakarimu, duara likitema wanawanunulia watoto soda, na kwa sababu kumsema jirani ni ubaya. Mama aliusema ubaya huo. Nilipofika na mwenyekiti wa kitongoji, vijana hawakubisha sana. Walikubali kazi hiyo isifanyike tena kwenye makazi. Mmoja aliniambia amekuwa akitetemeka mikono tangu mwaka jana na alidhani ni uchovu. Nilimsihi aende hospitali, na mama ndiye aliyemfuatilia hadi akaenda, kwa usumbufu ule ule anaoutumia kwangu kuhusu bati.

Baada ya hapo uani hawakumpenda. Walisema ana mdomo. Ujumbe ukamfikia mwenye nyumba, naye akaniagiza kwamba mkataba wake ukiisha nisiuhuishe, atafutwe mtu mtulivu. Nilikataa. Mtu aliyekaa mgodini anajua thamani ya mfanyakazi mmoja anayesema kabla ya ajali, na huyu hajawahi kudai mshahara. Ana daftari la shule ambamo anaandika kila alichoniambia na siku niliyokuja kukitengeneza: koki, msumari, chemba ya choo iliyopasuka mfuniko, taa ya uani, nyufa za karo. Niliomba nilipige picha. Nyumba yenyewe ina rekodi bora ya matengenezo kuliko majengo mengi niliyoyaona yakiwa na ofisi na katibu.

Mkataba wake unaisha mwezi huu. Nimemwandikia mwenye nyumba kwamba chumba namba nne kodi isipande, na kwamba sehemu ya gharama za mwaka huu ambazo hazikutokea arudishiwe aliyezizuia, hata kama ni kwa kumwekea dirisha la wavu aliloomba tangu msimu wa mbu. Kurasa za daftari nimeambatanisha. Amejibu kwamba yuko kwenye kikao na atafikiria. Nimempigia leo alfajiri, nikamsalimia, nikamuuliza amefikia wapi. Kesho nitampigia tena.