Jinsi ya Kuikataa Ajira ya Kudumu Bila Kumpandisha Baba Presha

Kijana wa Boga aliyesomea informatiki Bunia akirudi nyumbani na habari kwamba amepata kazi, wazee humwuliza jambo moja kabla hajaweka begi chini: ni kazi ya kudumu au ni ya kontra? Ukijibu kwamba ulipewa nafasi ya kudumu ukachagua kontra ya miezi sita, jiandae. Baba mkubwa atanyamaza. Shangazi atauliza kama umerogwa. Mwongozo huu ni wa jioni hiyo na wa miezi itakayofuata. Naamini kwa dhati kwamba katika Ituri yetu, mashariki mwa Kongo, kazi ya mkataba inaweza kumfaa fundi wa kompyuta kuliko ajira, mradi ajue anauza nini na anabeba nini.

Anza na wazee. Usiwahubirie uhuru wa kujipangia saa, maana hawatakuelewa na wana haki. Waulize habari za walimu. Ukoo gani wa Boga hauna mwalimu? Na mwalimu yupi hajui tofauti kati ya aliye kwenye orodha ya mishahara na yule wa "nouvelle unité" anayeshika chaki mwaka hadi mwaka akingoja Kinshasa ilione jina lake? Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019, hata ile michango ya wazazi iliyokuwa ikimlisha ikakatazwa. Huyo ni mtu wa kazi ya kudumu, tena ya serikali. Kisha waulize habari za mashirika. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa, nayo Marekani ndiyo iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu katika Kongo. Fedha ya mradi ikikatika, mwenye kazi ya kudumu na mwenye kontra hurudi nyumbani kwa pikipiki moja. Baba akishayasikia hayo atakuna kidevu, aseme, "Sawa mwanangu, lakini ukiugua?" Msikilize vizuri. Hilo ndilo swali la maana kuliko yote, na tutalirudia kwenye hesabu.

Sasa isome karatasi yenyewe, kwa sababu neno "kontra" linafunika vitu vitatu visivyofanana. Kuna mkataba wa muda maalumu, CDD. Kuna kibarua cha siku kwa siku, kazi ya journalier. Na kuna mkataba wa huduma, ule unaokufanya "consultant". Watu wa aina mbili za kwanza ni wafanyakazi mbele ya sheria. Wa aina ya tatu si mfanyakazi. Wengi wetu husaini karatasi ya tatu wakidhani wamesaini ya kwanza, na wanagundua siku ya kuumwa.

Sheria ya Kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, imemlinda mtu wa CDD kuliko anavyodhani. Mkataba huo hauwezi kupita miaka miwili. Kama una ndoa na kazi imekutenga na familia yako, mwisho ni mwaka mmoja. Kwa kazi za kawaida, mwajiri yule yule anaruhusiwa kuurudia mara moja tu, na akiendelea kukushika baada ya hapo, sheria inakuhesabu kuwa mtu wa kudumu, hata kama jalada lako linasema mengine. Kazi isiyo na maandishi nayo huchukuliwa kuwa ya muda usio na mwisho mpaka ithibitishwe vingine, isipokuwa kibarua cha siku. Na kibarua huyo ana ngao yake: akifikisha siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, kisha akachukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, amekwisha kuwa mtu wa kudumu.

Hapo ndipo waajiri wengine wanapoanza kuhesabu siku kwa vidole. Mtazame mchunguzi anayekusanya data za mashirika vijijini. Anakaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, simu mkononi, anajaza fomu za KoboToolbox swali kwa swali: watoto wangapi, maji mnachota wapi, mara ya mwisho mlikimbia lini. Mtandao haupo, kwa hiyo majibu yanalala ndani ya simu. Jioni anapanda mlimani akitafuta mahali penye mistari miwili ya Airtel au Vodacom, ananyoosha mkono, na fomu zinaondoka moja moja huku betri ikishuka. Nani analipia mega za intaneti? Nani anamlipa saa mbili za mlimani? Nani anatoa power bank? Analipwa kwa siku, na siku zikikaribia 22 anaambiwa apumzike kidogo, jina la ndugu yake liandikwe. Kama unataka kuishi kwa kazi hiyo, andika siku zako kwenye daftari lako mwenyewe, tarehe na kijiji, na mega, moto wa simu na saa za kutuma data ziwemo ndani ya bei. Mwajiri mwema hatakasirika. Atakayekasirika amekupa habari zake mapema.

Kuhusu "consultant", kipimo ni chepesi. Anayekuambia ufike saa moja na nusu, anayekupa kompyuta yake, anayekusainia ruhusa ndipo uende mazishi ya mjomba, huyo ni mwajiri wako, kwa sababu sheria inautambua mkataba wa kazi kwa kuwa chini ya uongozi na mamlaka ya mwingine. Jina lililoandikwa juu ya karatasi halibadili hilo. Tatizo hili halikuzaliwa Bunia. Microsoft iliwahi kuwaita wafanyakazi wake wa miaka mingi watu wa muda, wakaishtaki, na Desemba 2000 ikakubali kuwalipa dola milioni 97. Nairobi, zaidi ya watu 180 waliokuwa wakichuja video na picha za Facebook kupitia kampuni ya kati walifungua kesi mwaka 2023, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikasema Meta inaweza kushtakiwa pale pale Kenya. Fundi wa minara ya simu anayeshikwa na kampuni ndogo kwa niaba ya kampuni kubwa aifuatilie kesi hiyo, maana swali lake ni lile lile: bosi wangu ni nani?

Ukishajua kwamba kweli unataka kuwa mtu wa huduma, mwenye wateja wake na vifaa vyake, fanya hesabu kabla ya kufurahi. Tuseme ajira inakupa dola 500 kwa mwezi. Juu ya hizo mwajiri anakuwekea CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 13, yaani dola 65, na asilimia 5 inakatwa kwako. Ukiugua, sheria inamtaka akutibu wewe na familia yako, na akulipe theluthi mbili za mshahara. Sasa anakuja mtu na kontra ya huduma ya dola 700. Nyingi! Lakini katika mwaka wa kawaida wa kutafuta wateja, tuseme unapata kazi ya miezi minane. Mara 700, ni 5,600. Ajira ingekupa 6,000, na 780 za CNSS juu yake. Ili ulingane na mwajiriwa unahitaji karibu dola 850 kwa mwezi wa kazi, na bado hujanunua betri ya sola, hujalipa intaneti, hujatibu malaria ya mtoto. Bei yako ianzie juu ya hapo. Uliza pia kama fedha inayotajwa ni kabla ya kodi au baada yake. Hilo ndilo jibu la baba: ukiugua, umekwisha kujitibu kwa bei uliyoitaja.

Halafu kuna jambo ambalo miongozo iliyoandikwa Nairobi au Paris haina: vita. Tarehe 6 Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa, état de siège. Mwisho wa mwezi huo wauaji waliingia Boga na Tchabi usiku, wakaua watu zaidi ya 50, na siku chache baadaye hospitali ya Boga ikaporwa na kuchomwa. Mtu wa huduma hulipwa kwa kazi iliyokabidhiwa. Ukiwa umemaliza nusu ya hifadhidata ya dawa kisha ukakimbia na watoto, mkataba usioitaja siku hiyo unakuacha mikono mitupu. Kwa hiyo gawa malipo kwa hatua: sehemu unapoanza, sehemu katikati, sehemu mwisho. Andika waziwazi kwamba vita vikisimamisha kazi, kilichokwisha fanyika kinalipwa. Usione haya kulitaja. Nakala ya kazi iwe Bunia au mtandaoni kila unapopata mtandao, pamoja na picha ya mkataba uliosainiwa. Barabara ya Bunia kupitia Aveba na Gety haina huruma na karatasi.

Tangu Mei 2025, Starlink, intaneti ya satelaiti, iliporuhusiwa nchini, mwenye hela ya kifaa anaweza kutafuta wateja wa mbali akiwa hapa hapa. Vizuri sana. Huyo achukue malipo ya kwanza kabla hajaandika mstari mmoja, kwa sababu mteja wa Toronto hataitwa na mkaguzi wa kazi wa Bunia.

Bosi wa hapa anaitwa. Kama ulikuwa mfanyakazi, kwa CDD au kwa kibarua, au kama walikuita consultant huku wakikutawala kama mfanyakazi, lalamiko lako huanzia kwa mkaguzi wa kazi, anayewapatanisha kabla ya mahakama. Nenda na daftari la siku, mkataba, ujumbe wa simu na risiti za M-Pesa. Wala usingoje miaka ukiona aibu: dai la mshahara hufa baada ya mwaka mmoja tangu siku uliyostahili kulipwa.