Jogoo Aliyewika Njia Panda ya KIA

Jumatatu kijiwe chetu cha chini ya mwarobaini, jirani na stendi ya Misuna, kilijaa kabla kahawa haijachemka. Habari ilikuwa moja tu: Mjuaji karudi kutoka Zanzibar.

Wiki mbili kabla ya safari hatukupumua. Kila kikombe alichokunywa kilishushiwa na Forodhani, Mji Mkongwe na kima wekundu wa Jozani, utadhani kazaliwa huko na Singida amekuja kununua vitunguu. Kila mtu akaagiza chake. Boda kofia ya viua, Fundi Viatu halua, Mama Lishe viungo vya pilau, na Mwalimu Mstaafu, kwa kuwa ni mstaafu, akaagiza habari.

Mjuaji akaja akitembea taratibu kama mtu aliyeshiba bahari. Akamkabidhi Mama Lishe kifuko cha mdalasini.

"Karibu Unguja, mama. Huo umetoka mtini juzi."

Mama Lishe akanusa. Akakigeuza kifuko. Akakinusa tena upande wa fundo.

"Mzee, mdalasini huu nanunua kila Alhamisi soko la Ipembe. Hata fundo hili nalijua, ni la yule mama wa kona."

"Viungo vyote Tanzania asili yake Zanzibar," Mjuaji akajibu bila kupepesa. "Huo umekwenda na kurudi."

Boda, aliyekuwa amejilaza juu ya pikipiki yake, akainuka.

"Haya, mdalasini tumeuacha. Mimi nina swali la jogoo."

"Jogoo gani?"

"Siku ya safari nani aliwabeba kwenda stendi? Mimi na mwenzangu. Mke wako, watoto watatu, mabegi manne na tenga la jogoo. Ukaniambia jogoo ni zawadi ya shemeji yako Unguja, akaonje kuku wa Singida. Jana usiku nani kawapokea? Mimi. Basi la Arusha limesimama, umeshuka wewe, mke, watoto, mabegi, na tenga. Na ndani ya tenga, yuleyule. Sasa shemeji alimkataa, au jogoo alikosa viza?"

Kijiwe kikalipuka. Mjuaji akatazama vumbi. Upepo wetu wa Singida, ambao haujui aibu ya mtu, ukampeperushia kofia. Fundi Viatu akamwokotea na kumwambia kwa upole, "Sema tu, mzee mwenzangu. Hapa tumekwisha kucheka, hakuna kipya."

Mjuaji akavuta kikombe.

"Hatukufika."

"Basi liliharibika?"

"Basi lilikwenda vizuri. Katesh tukauona mlima Hanang, Babati tukala, Arusha tukabadili gari, magharibi tupo Njia Panda ya KIA. Nilisema sitaki presha. Ndege ya kesho yake, uwanja wa Kilimanjaro uko kati ya Arusha na Moshi, toka Singida ni zaidi ya kilomita 350. Mtu mwenye akili analala jirani. Nikachukua hoteli, vyumba viwili, chai ya asubuhi imo ndani ya bei."

"Hapo ulifanya la maana," Mwalimu akasema. "Uwanja ule upo tangu mwaka 1971, na tangu siku hiyo ndege haijawahi kumsubiri mtu wa mbali. Sasa ilikuwaje?"

"Tiketi ilisema 06:20."

Mwalimu akafumba macho. Nadhani alijua hapohapo.

"Nami nikasoma kama inavyosomeka," Mjuaji akaendelea. "Sita na ishirini. Saa sita na dakika ishirini, mchana."

Boda akaanguka kwenye pikipiki. Mama Lishe akamnyamazisha kwa mwiko.

"Msicheke, sikilizeni! Nilikuwa na ushahidi wa pili. Chini ya tiketi waliandika, kwa Kiswahili safi, abiria afike uwanjani saa mbili kabla ya ndege kuondoka. Nikapiga hesabu. Nifike saa mbili, ndege saa sita. Saa nne za kukaguliwa. Nikasema hawa watu wako makini. Sasa ushahidi mmoja unaweza kukudanganya, ila ukishapata wa pili unaokubaliana nao, utakataaje?"

Kukawa kimya. Kwa mara ya kwanza, Mjuaji alikuwa amesema jambo lililoingia akilini. Hata Boda aliacha kucheka, akawa anahesabu kwa vidole.

"Hapo mimi nina hatia," Mwalimu akasema polepole. "Miaka yangu yote darasani nimewachapa watoto kwa kuandika 'masaa mawili'. Nikawaambia saa haina wingi: saa moja, saa mbili, saa tatu. Kumbe ndiyo hiyohiyo, muda wa saa mbili na saa mbili ya asubuhi, havina tofauti kwenye karatasi."

"Kwa hiyo aliyenichelewesha ni wewe!" Mjuaji akaruka.

"Mimi ni saa mbili tu. Ile sita uliichelewesha mwenyewe. Tiketi inahesabu kuanzia usiku wa manane, hapo ni sifuri. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Kati ya hesabu yao na yetu kuna saa sita, kwenda na kurudi. Sita yao ni kumi na mbili yetu. Huku karibu na Ikweta jua halibadilishi sana tabia mwaka mzima, ndiyo maana wazee wetu waliliamini kuliko karatasi. Ethiopia nao wanahesabu hivyohivyo."

"Kwa hiyo ndege ilikuwa ya saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi," Fundi Viatu akahitimisha, kwa sauti ya kusoma msiba.

"Na alitakiwa kuwa uwanjani saa kumi na dakika ishirini, alfajiri."

"Saa hiyo nilikuwa nakoroma," Mjuaji akakiri. "Tena dada wa mapokezi aliniuliza, tuwaamshe saa ngapi? Nikamwambia waacheni watu walale, ndege yetu ya saa sita. Akauliza, saa sita ya usiku, baba? Nikamwambia mchana, wewe unakaa jirani na uwanja hujui ndege zinaruka mchana? Akaniangalia hivi, akaandika kwenye daftari lake."

"Mkeo je?"

"Mke wangu alisema, baba watoto, hebu iulize vizuri hiyo tiketi. Nikamwambia mimi ndiye niliyeikata." Akameza mate. "Asubuhi, kigiza hakijaisha vizuri, ndege ikapita juu ya paa ikinguruma. Mtoto akaamka. Nikamwambia lala, mwanangu, hao ni wa safari za mapema. Maskini wa Mungu, wameamshwa usiku usiku na watoto wao."

Hapo hata mimi, ambaye kazi yangu ni kuandika tu, nilikalia daftari.

"Saa moja tukateremka chai. Mayai, chapati, tikiti maji. Tulikula kama waliolipa, maana tulilipa. Saa mbili kasorobo tupo uwanjani, nikamwambia mke wangu, umeona faida ya kulala jirani? Tumewahi. Nikatoa tiketi. Yule kijana akaisoma, akanisoma mimi, akasema, baba, hii ndege hivi sasa iko Unguja."

"Hela?" Mama Lishe akauliza. Yeye huenda kwenye jambo lenyewe.

"Tiketi za bei ya chini, mama. Ukiikosa, imekula kwako. Nikarudi hoteli ileile. Ningewezaje kurudi Singida siku ya pili, na nyinyi mmekaa hapa? Tukakaa siku tatu. Likizo yetu imefanyikia Njia Panda. Watoto wamezihesabu ndege mpaka zimewachosha. Yule mdogo anasema Zanzibar ni nzuri ila haina bahari."

Mwalimu akachukua kijiti, akachora duara vumbini, akalikata kwa mistari.

"Nikufariji kidogo. Saa za Afrika Mashariki zimepimwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki. Mstari huo haugusi hata Tanzania, unapita huko Somalia. Singida tupo karibu na nyuzi 35. Jua hutumia dakika nne kuvuka uzi mmoja. Nyuzi kumi, dakika arobaini. Ndiyo maana hapa kwetu saa inasema kumi na mbili na nje bado giza. Hata jua likija Singida huchelewa dakika arobaini, itakuwa wewe?"

"Dakika arobaini ningewahi," Mjuaji akanung'unika.

"Na jogoo naye umsamehe," Fundi Viatu akadakia. "Yeye ndiye saa ya kijijini, lakini wahenga walishasema jogoo wa shamba hawiki mjini. Alikuwa ugenini, angethubutu vipi?"

Mjuaji hakujibu. Akazungusha kikombe kitupu mara mbili, mara tatu.

"Aliwika," akasema.

"Eeh?"

"Alikuwa bafuni, ndani ya tenga. Saa kumi kamili akawika. Mke wangu akasema, baba watoto, huyo jogoo anatuambia kitu. Nikamwambia anatuaibisha kwa wapangaji. Nikaamka, nikamfunika ndoo. Akawika ndani ya ndoo. Nikaweka na taulo juu."

Hakuna aliyecheka. Lilikuwa zito mno kuchekwa. Ilibidi kwanza likae. Kisha Mama Lishe akafunga kifuko chake cha mdalasini.

"Basi niuzie huyo jogoo. Kesho nina supu, na viungo nimeshapata vya Unguja."

"Haliwi," Mjuaji akasema kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia. "Katika watu wote tuliolala vyumba vile, ndiye pekee aliyeisoma tiketi. Mke wangu kampandisha cheo. Siku hizi nikisema jambo nyumbani, ananijibu, ngoja nimuulize mwenzio."

Boda, aliyekuwa ameshawasha pikipiki kwa abiria, akazima tena.

"Sikia, mzee. Mwakani achana na KIA. Unapanda basi hapa Misuna mpaka Dodoma, unachukua treni ya umeme. Tangu 2024 inapiga Dodoma mpaka Dar. Ukifika Dar unapanda boti, Zanzibar hiyo hapo. Jogoo mwache nyumbani."

Tukamtazama Mjuaji, tukingoja atueleze treni hiyo ilivyotengenezwa, na kosa la fundi, na jinsi yeye angeijenga. Midomo ikafunguka. Ikafunga. Akavua kofia.

"Mwalimu," akasema, "na tiketi ya treni, saa zake zimeandikwa za kwetu au za kwao?"

Miaka yote ya kijiwe hiki, Mjuaji hajawahi kuuliza swali. Muuza kahawa akasahau birika hewani. Mwalimu akafuta duara lake kwa kiganja, akasogea mpaka ukingoni mwa benchi, akampangusia vumbi nafasi iliyobaki.

"Kaa hapa, mzee mwenzangu," akasema. "Tuanze na sifuri sifuri."