Namna ya Kuhamasisha Mabinti Wacheze Bila Hata Mmoja Kugusa Mpira

Hongera, mwenyekiti wangu. Andiko limepita, fedha imeingia, na kwenye karatasi uliyotia saini pameandikwa kwamba ndani ya miezi mitatu utakuwa umewashirikisha mabinti wa miaka 13 hadi 19 katika michezo ya jamii. Najua kinachokunyima usingizi. Wasipokuja, utaaibika. Wakija ndiyo balaa zaidi: watataka kucheza kila wiki, watataka uwanja, watataka kocha, na mwisho watataka kujua fedha imekwendaje. Tulia. Ipo njia ya katikati, na sisi wazoefu tunaipita kila mwaka: mabinti waje siku moja, wapigwe picha, warudi jikoni.

1. Anza na fulana

Kamwe usianze na mpira. Mpira ukiachwa mtaani unachezewa, na ukichezewa hakuna anayeuliza aliyeuleta ni nani. Fulana inaonekana hadi barabarani. Chapisha mia moja, zote saizi kubwa kabisa ili "zimtoshe kila mtu", kifuani jina la mradi, mgongoni picha ya mheshimiwa diwani. Jina la mradi lianze na "Binti" na liishie na amri: inuka, amka, thubutu. Mabinti wa mtaa wako wameamka tangu saa kumi na moja alfajiri na uwanja wa nyumba wameshaufagia, lakini hayo hayaingii kwenye fulana.

Mpira nunua mmoja. Ule unaogeuka yai baada ya mechi ya kwanza.

2. Mazoezi yawe saa kumi jioni

Hapa ndipo penye siri yote, kwa hiyo soma polepole. Saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni ndio wakati wa michezo, kila mtu anajua. Ndio pia wakati wa kuchota maji, kuchambua mchele, kuwasha mkaa, kuogesha wadogo na kutumwa dukani. Saa hiyo kaka mtu anatafuta soksi zake. Dada mtu anatafuta kiberiti. Wewe hujamzuia yeyote. Umetangaza mazoezi kwa wote, tena kwa kipaza sauti, na asiyekuja kaamua mwenyewe.

Usithubutu kwenda kwa mama zao kuuliza binti anaweza kuruhusiwa saa ngapi. Ukiuliza utajibiwa. Mama atasema Jumamosi baada ya kufua, au Jumapili baada ya ibada, au atasema sawa, aje, lakini aje na mdogo wake. Ukikubali hilo la mdogo umekwisha: utahitaji mkeka, kivuli na mtu mzima mmoja wa kuwaangalia watoto, na hivyo vyote ni vitu vya bei ya chini visivyopendeza kwenye picha.

Wapo waliojiponza. Pale Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana cha MYSA kilianza mwaka 1987 na mpira wa wavulana, timu zikipewa pointi za ligi kwa kuzoa taka za mtaani. Mambo yalikuwa yametulia. Mwaka 1992 wakaingiza timu za wasichana, na tangu hapo wasichana hawajatoka. Kilifi ndiko kumeharibika kabisa. Tangu 2001 lipo shirika la Moving the Goalposts, ambako mabinti wa vijijini hawaishii kucheza. Wanakuwa waamuzi, wanafundisha wenzao, wanaendesha ligi. Sasa niambie, mwenyekiti wa mradi kama huo anabaki na kazi gani?

3. Uwanja uwe mbali

Chagua ule ambao njia yake inapita kijiweni. Vijana wa pale watatoa maoni bure juu ya miguu ya kila anayepita, na baada ya wiki mbili nusu ya kikosi itakuwa na udhuru. Uwanja wenyewe uwe na wenyewe: maveterani kwanza, timu ya wavulana ya pili, mabinti waingie "wakubwa wakimaliza". Wakubwa humaliza magharibi. Mzazi mwenye akili hamwachi mwanawe arudi giza lote lile, na utakapomsikia akilalamika, andika kwenye daftari lako: "Wazazi hawana mwitikio."

Choo kisiwepo. Kikiwepo, kifungwe, na ufunguo ubaki kwa mtu aliyesafiri.

Halafu jihadhari sana na netiboli. Mchezo huu ni hatari kwa mtu wa malengo kama yako. Uwanja wake ni mita 30.5 kwa 15.25, timu ina wachezaji saba tu, na nguzo mbili zenye pete utazikuta zimesimama kwenye shule nyingi za msingi, hatua chache kutoka majumbani. Ubaya mkubwa kuliko wote ni kwamba mama zao waliucheza. Mama aliyewahi kucheza senta miaka ya ujana wake hahitaji kuhamasishwa. Atafunga genge mapema aje kumrekebisha mwanawe namna ya kudaka. Hapo mradi umeshakuponyoka. Mtu akiitaja netiboli, cheka kidogo, useme huo ni mchezo wa kizamani na wewe umeleta mambo ya kisasa.

4. Suala la mavazi lijadiliwe

Lijadiliwe, lisimalizwe. Itisha kikao cha wazee, cha wazazi, cha viongozi wa dini, kisha cha kupitia maazimio ya vile vitatu. Kila kikao kina chai na posho, na kila kikao kinaisha wanaume wakiwa wamejadili magoti ya watoto kwa muda mrefu kuliko mechi yenyewe. Binti akisema yeye atacheza na suruali ndefu na hijabu, mjibu kwa huzuni kwamba sheria za kimataifa haziruhusu. Omba Mungu asiwepo anayefuatilia, maana FIFA iliruhusu rasmi kufunika kichwa mwaka 2014 na FIBA ya mpira wa kikapu ikafuata 2017. Ukibanwa sana, wape jezi kuukuu za wavulana. Kaptula ya beki wa kilo themanini haitavaliwa na mtoto wa kidato cha pili akakimbia nayo. Mkono mmoja utakuwa umeishika muda wote.

Kuhusu hedhi, nyamaza. Hata ripoti iseme "changamoto za kibaolojia" tu. Pakiti chache za taulo za kike ndani ya mkoba wa huduma ya kwanza zingewarudisha mazoezini wale wanaopotea siku kadhaa kila mwezi, na ndiyo maana mkoba huo unapaswa kuwa na bendeji na filimbi peke yake. Usijione mkatili, wakubwa nao wamewahi kusitasita. Tanzania iliondoa VAT kwenye taulo hizo mwaka 2018, ikairudisha 2019 kwa maelezo kwamba bei dukani haikushuka. Kenya walikwenda mbali mno: sheria ya mwaka 2017 iliitaka serikali iwape bure wanafunzi wa kike. Uzuri wa sheria ni kwamba ipo karatasini, na karatasi wewe unazijua.

5. Kocha

Mpe kazi hiyo yule anayefundisha wavulana, ambaye tayari amechoka. Usitafute mwanamke. Hasa usimtafute yule dada aliyekuwa akikimbia shuleni na sasa anauza vitumbua pale kona. Akipewa filimbi atakuja kila siku, na mabinti watamfuata. Mzazi akiuliza nani atakuwa na watoto huko uwanjani, nani atawarudisha, na kukitokea jambo ataripoti kwa nani, mguse bega umwambie, "Mama, usiwe na wasiwasi, kocha ni mtu wetu." Hatauliza tena. Hatamleta mtoto pia. Umepiga ndege wawili.

6. Siku ya bonanza

Hapa tumia fedha. Turubai, viti vya plastiki, meza kuu yenye kitambaa na maji ya chupa, muziki mkubwa. Mabinti wafike saa mbili asubuhi wapangwe mstari juani na zile fulana. Mgeni rasmi atafika saa sita, kwa sababu mgeni rasmi anayefika saa mbili hana hadhi. Itifaki izingatiwe kwa kutajwa mtu mmoja mmoja. Kisha risala, kisha majibu ya risala, kisha ngoma, kisha neno fupi la shukrani ambalo si fupi.

Uzinduzi wenyewe ni penalti. Mgeni rasmi atapiga, akiwa na suti na viatu vya ofisini. Golikipa awe kijana wa kiume mwenye adabu, aambiwe mapema aruke upande wa pili. Usimweke binti golini. Nimewaona mabinti wakidaka penalti ya mgeni rasmi kwa sababu hakuna aliyewafundisha unafiki wa mchezo, na ufadhili ukafia palepale.

Baada ya hapo muda utakuwa umekwenda. Watangazie mabinti kwamba mechi yao ni dakika kumi kila kipindi "kutokana na ufinyu wa ratiba", halafu ifuate ya wavulana, dakika tisini kamili, ya "kuvutia watu". Zawadi: wavulana mbuzi, mabinti kuku. Akitokea wa kuhoji tofauti hiyo, sema kuku ni mwanzo wa ujasiriamali.

7. Taja majina makubwa

Mabinti wanahitaji mifano ya kuigwa, na mifano haina gharama. Mtaje Theresia Dismas, aliyeiletea Tanzania medali ya fedha ya kurusha mkuki kutoka Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 1965. Itaje timu ya taifa ya soka ya wanawake, Twiga Stars, iliyokwenda fainali za Afrika mwaka 2010. Waimbie habari za Serengeti Girls, watoto wa chini ya miaka 17 waliokwenda Kombe la Dunia India mwaka 2022, wakachapwa 4-0 na Japani kwenye mechi ya kwanza, wakainuka wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Kanada na kuingia robo fainali. Maliza na mwanasoka Aisha Masaka aliyetua klabu ya Brighton, Uingereza, mwaka 2024. Paza sauti, nyanyua mkono, sema, "Nanyi mnaweza!"

Kisha kaa chini haraka. Kuna kila dalili kwamba mmoja wao atanyoosha mkono kuuliza hao walipokuwa na miaka 13 walichezea wapi, saa ngapi, na nani aliwapikia nyumbani siku hiyo. Kunywa maji.

8. Wasionekane kwamba walikuwa wanacheza

Hili wengi hulisahau, likawaumbua. Mabinti walikuwa wakicheza kabla yako. Pita uchochoroni mchana wowote wa likizo: wa miaka tisa na kumi wanacheza rede kwa mpira wa matambara, wanaruka kamba, wanakimbizana na kupigizana kelele hadi mabati yanatetemeka, bila bango wala mgeni rasmi. Hakuna aliyewahamasisha. Siku fulani, karibu na miaka 13, mtu anamwambia mmoja wao, "Wewe sasa umekua," anampa ndoo, na uchochoro unapungukiwa mchezaji. Anayesema hivyo mara nyingi ni mtu mwema: shangazi, mwalimu, jirani. Pengine ni wewe mwenyewe, mwenyekiti, ukipita na baiskeli.

Ukiliandika hilo kwenye ripoti, mfadhili atagundua kwamba kazi haikuwa kuwaingiza mabinti michezoni. Ilikuwa kuacha kuwatoa. Hiyo haihitaji bajeti ya turubai. Basi usiliandike.

9. Ripoti

Takwimu zinakubeba. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa utafiti unaoonyesha kwamba asilimia 85 ya wasichana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikii mazoezi ya kutosha, yaani angalau dakika 60 kwa siku. Wavulana ni asilimia 78. Inukuu namba hiyo ukurasa wa kwanza. Janga la dunia nzima hakuna atakayekulaumu kwa kushindwa kulimaliza katika kata moja.

Kwenye safu ya mahudhurio hesabu waliovaa fulana, si waliocheza. Waliobeba ndoo za maji za meza kuu waingize chini ya "mazoezi ya viungo". Ambatisha picha kumi na mbili, mabinti wakiwa wamerusha mikono juu. Wapige picha kabla jua halijawachosha. Ya mgeni rasmi na mpira iwe kubwa kuliko zote.

Hitimisho liwe sentensi moja: "Mwamko wa mabinti katika michezo bado ni mdogo, hivyo tunaomba awamu ya pili." Nakala moja kwa mfadhili, moja kwa diwani, moja ofisi ya kata. Mabinti usiwape, wanajua kusoma.